Tarumbeta zikiingia, mkono unaniuma: nivumilie au niiache guitarrón?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nasoma uhandisi katika chuo kikuu kimoja kusini mwa Texas. Nyumbani nilikuwa napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu. Hapa chuoni kuna kundi la mariachi, muziki wa Mexico. Nilijiunga kwa ajili ya fidla, lakini mpiga guitarrón, lile gitaa kubwa la besi, akahitimu na mwalimu wa kundi akanikabidhi mimi chombo hicho. Baada ya wiki sita tuna onyesho kubwa: nusu ya kwanza ni mariachi ya zamani, vyombo vya nyuzi peke yake, nusu ya pili ni ya kisasa, yenye tarumbeta mbili. Nusu ya kwanza naimudu. Tarumbeta zikiingia, sauti ya chombo changu siisikii kabisa, kwa hiyo navuta nyuzi kwa nguvu zangu zote. Sasa vidole vina malengelenge, na kifundo cha mkono wa kulia kinauma mpaka usiku nikilala. Wenzangu wanasema ni kawaida, sugu zitaota. Rafiki yangu mmoja anasema mkono wangu ni mdogo mno kwa chombo hiki. Mwingine anasema kosa ni la tarumbeta, kwamba mariachi halisi haina tarumbeta. Nivumilie, nibadilishe chombo, au nimwombe mwalimu anitoe kwenye nusu ya pili?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kungoja: usivumilie. Malengelenge kwenye ncha za vidole humpata karibu kila anayeanza chombo cha nyuzi nene, na hayo kweli yatageuka sugu. Maumivu ya kifundo yanayokufuata hadi kitandani ni habari nyingine. Ngozi hukomaa kwa kusuguliwa, kano hazikomai hivyo. Wenzako wamechanganya mambo mawili kwa sababu yote yanatokea kwenye mkono mmoja. Kwa siku chache zijazo, acha kabisa kuvuta nyuzi kwa nguvu. Mazoezini nenda, lakini mkono wa kulia uziguse nyuzi tu, na mkono wa kushoto uendelee na kazi yake kama kawaida. Utaona huko mbele kwamba siku hizo hazitakuwa za bure.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Chombo ni kile kile, mikono ni ile ile, na bado nusu ya kwanza ya onyesho inakwenda vizuri, ya pili inakushinda. Wewe umejilaumu mwenyewe, rafiki yako mmoja ameulaumu mkono, mwingine amezilaumu tarumbeta. Mimi nadhani lawama iko kwingine. Mariachi ya tarumbeta ilikomaa mbele ya maikrofoni, na kazi iliyokuwa ya maikrofoni umetwishwa wewe uifanye kwa vidole viwili.

Nimchukue kwanza huyo rafiki wa tarumbeta, maana nusu ya anachosema ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Mariachi ni muziki uliotoka vijijini magharibi mwa Mexico, Jalisco na majimbo ya jirani kama Nayarit, Colima na Michoacán, na kwa muda mrefu ulikuwa muziki wa nyuzi. Santuri za mwanzo kabisa za mariachi zilirekodiwa mwaka 1908 na Cuarteto Coculense, watu wanne wenye fidla mbili, vihuela (gitaa dogo la kusindikiza) na guitarrón. Tarumbeta haimo. Hapo rafiki yako yuko sahihi. Lakini akishasema "halisi", muulize: halisi ya kijiji gani? Cocula walikuwa na guitarrón. Kusini zaidi, huko Tecalitlán, ambako Gaspar Vargas alianzisha kundi lake mwishoni mwa karne ya 19, kazi ya besi ilikuwa ya kinubi. Guitarrón ilikuja kukiondoa kinubi kwenye kiti chake katika vikundi vingi, ikisaidiwa na ukweli kwamba unaweza kuivaa begani ukatembea huku unapiga. Kwa mzee wa Tecalitlán wa zama zile, mgeni lilikuwa hilo hilo gitaa nene ulilolikumbatia wewe.

Tarumbeta nazo zilipata makao mjini. Mwaka 1930 kituo cha redio cha XEW kilifunguliwa Mexico City, na miaka michache baadaye sinema za Kimexico zikashika kasi. Vikundi vilivyohamia mji mkuu vikajikuta vinapigia maikrofoni badala ya watu wa harusini. Tarumbeta ilikuwa imeshasikika hapa na pale kabla ya hapo, lakini ni katika zama hizo za redio na sinema ndipo ilipopewa nafasi ya kudumu. Silvestre Vargas, mtoto wa Gaspar, alishika uongozi wa Mariachi Vargas de Tecalitlán mwaka 1932. Mwaka 1940 akampata mpiga tarumbeta Miguel Martínez, ambaye namna yake ya kupuliza inafuatwa hadi leo. Mwaka 1944 akaja Rubén Fuentes, mpiga fidla aliyesoma muziki darasani, na mipangilio yake ndiyo iliyochora kwa kiasi kikubwa sura ya kile ambacho ratiba ya onyesho lenu inakiita "kisasa". Tarumbeta ya pili ikawa jambo la kawaida miaka ya 1950. Na UNESCO, ilipoiingiza mariachi kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2011, iliisajili kwa jina linalotaja yote kwa pamoja: muziki wa nyuzi, nyimbo na tarumbeta. Rafiki yako akitaka kuendelea na ubishi, akabishane na UNESCO huko Paris.

Historia yote hii inahusiana na mkono wako moja kwa moja. Studio za zamani zenye maikrofoni moja au mbili zilisawazisha sauti kwa kupanga watu: mwenye sauti kali anarudi nyuma, mwenye sauti ndogo anasogezwa mbele. Baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na fundi mitambo. Kwa hiyo masikio yetu yameizoea mariachi ambayo guitarrón yake inasikika safi chini ya tarumbeta mbili, na tunadhani ndivyo vyombo vyenyewe vinavyolia vikiwekwa pamoja. Sivyo. Utaniuliza, mbona wale wa Plaza Garibaldi, uwanja wa wapiga mariachi pale pale Mexico City, wanapiga nje usiku kucha bila umeme? Ni kweli, lakini mteja wao amesimama hatua chache tu kutoka kwao. Hawana kazi ya kumfikia mtu aliyekaa safu ya nyuma ya ukumbi wa chuo wenye mazulia na mapazia mazito.

Nieleze na upande wa fizikia, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa uhandisi na hutanisamehe nikiuruka. Uzi wako wa chini kabisa, A, unatetemeka mara 55 kwa sekunde. Sanduku la guitarrón, pamoja na lile tumbo lake la nyuma, ni dogo kwa sauti ya chini kiasi hicho. Haliwezi kuisukuma hewa ya kutosha. Ndiyo maana guitarrón haipigwi kama besi ya dansi, noti moja moja. Unavuta nyuzi mbili kwa pamoja, noti ya chini na oktava yake ya juu, yaani noti ile ile yenye mitetemo maradufu: ile ya 55 na ya 110. Ya juu ndiyo inayosafiri ukumbini, na sikio likiipata hiyo pamoja na vivuli vyake vya juu (mitetemo midogo inayoambatana nayo), linaijazia lenyewe ile ya chini. Tarumbeta kwa upande wake inarusha sauti kule mdomo wake ulikoelekea, na sehemu kubwa ya ukali wake iko kwenye mitetemo ya maelfu kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko kwingine kote. Kwa nguvu za vidole huo si mchezo wa haki.

Tena ukivuta kwa nguvu maradufu, sauti haiji maradufu. Uzi ukishavutwa kupita kiasi unagonga ubao wa shingo, unachakarika, na noti inaanza juu kidogo ya pale inapotakiwa kabla ya kurudi mahali pake. Nguvu uliyoongeza imeishia kwenye kelele. Ni kuzidisha kuni chini ya chungu kilichotoboka. Hapo jukwaani huisikii sauti yako vizuri, unadhani hukuvuta vya kutosha, unazidisha, na kifundo kinalipa.

Kuhusu mkono mdogo, nakuomba ulisahau neno hilo. Nadhani huyo aliyekuambia ameitazama guitarrón akaona ukubwa, hakutazama nyuzi zilivyopangwa. Kutoka chini ni A, D, G, C, E, halafu uzi wa sita unarudi chini tena kuwa A. Wageni huudhika na huo uzi wa mwisho, lakini mpangilio huo ndio uliokusudiwa kukurahisishia oktava. Ukitaka A, unavuta nyuzi mbili za pembeni, na mkono wa kushoto haubonyezi kitu. D ni uzi mtupu (usiobonyezwa) wa D pamoja na uzi wa C uliobonyezwa hatua mbili, kila hatua ikiwa nusu toni. E ni uzi mtupu wa E pamoja na D uliobonyezwa hatua mbili. C ni uzi mtupu wa C pamoja na A ya chini iliyobonyezwa hatua tatu. G ni uzi mtupu wa G pamoja na E iliyobonyezwa hatua tatu. Umeona? Katika noti nyingi unazozihitaji kila siku, kidole kimoja tu ndicho kinachobonyeza. F na B ndizo zitakazokudai nyuzi mbili kwa pamoja, na hata hizo hazihitaji shubiri ya jitu. Kinachotakiwa ni ramani iwe kichwani.

Na hapa ndipo fidla yako ya taarabu inapokuja kukulipa. Guitarrón haina vizuizi vya chuma shingoni, sawa na fidla, kwa hiyo oktava inatafutwa kwa sikio. Oktava ikiwa safi, nyuzi mbili zinasaidiana. Ikipishana hata kidogo, zinapigana, na sauti inanywea. Fanya jaribio hili kesho, polepole, kwa mguso mwepesi kabisa. Vuta D tupu pamoja na D ya uzi wa C, halafu telezesha kidole cha kushoto taratibu sana, upana wa uzi tu. Utasikia mtikisiko, wao-wao-wao, unaopungua kasi kadiri unavyokaribia. Ukitulia kabisa, sauti itafunguka kifuani mwako, na nguvu hukuongeza hata chembe. Wanafunzi wengi wanaoletwa kwangu kwa tatizo la "siisikii besi yangu" hupata sauti waliyoitaka kwenye mkono wa kushoto. Ndiyo sababu nikasema siku zako za kupumzisha mkono wa kulia si za bure: zitumie kwa hili, noti moja baada ya nyingine, kimya kimya chumbani.

Mkono wa kulia ukishapoa, tazama namna unavyoshika nyuzi. Waliotoka kwenye fidla au gitaa hufinya: dole gumba na kidole cha shahada vinafuatana vikutane, na kazi yote inafanywa na misuli midogo ya kiganja na kifundo kilichokunjwa. Kinachotakiwa ni ndoano. Gumba lishike uzi wa chini, shahada au kidole cha kati kishike wa juu, kifundo kiwe kimenyooka, halafu mkono mzima kuanzia kiwiko utoke nje, ukiziondoa nyuzi mbali na kifua cha chombo. Uzi uliovutwa kuelekea nje unausukuma ubao wa mbele vizuri kuliko uliovutwa pembeni, kwa hiyo unapata sauti kubwa kwa jasho dogo. Simama mbele ya kioo. Ukiona kifundo kimekunjwa wakati wa kuvuta, simamisha na uanze upya. Mkanda nao uukaze, maana guitarrón inayoning'inia tumboni inakulazimisha ukunje kifundo hata kama hutaki. Mambo haya yaonyeshe kwa mwalimu wako ana kwa ana. Mimi nakuandikia bila kuuona mkono wako, na nyuzi za chombo chenu cha chuo huenda ziko juu kuliko ninavyodhani.

Kuna jambo moja hukuligusia, nalo linanifanya niamini kwamba tatizo ni ushindani wako na tarumbeta zaidi kuliko wingi wa kazi. Nusu ya kwanza, ile unayoimudu, ndiyo yenye kazi nyingi zaidi. Nyimbo za son za Jalisco zinakwenda mbio, na mapigo yake sita yanageuzwageuzwa: mara yanahesabiwa mawili ya tatu-tatu, mara matatu ya mbili-mbili. Piga makofi kwenye moja na nne, kisha kwenye moja, tatu na tano, bila kubadilisha mwendo, utaipata. Mtoto wa pwani aliyekulia kwenye vumi na ngoma za harusi hahitaji kufundishwa hilo kwa ubao, mwili wake unalijua. Nusu ya pili, kama ratiba yenu ni ya kawaida, ina ranchera na bolero, aina mbili za nyimbo. Ranchera ya mwendo wa tatu inakudai mvuto mmoja tu mwanzoni, vihuela inajibu mara mbili. Bolero inakudai mivuto mitatu kwenye mapigo manne, kwenye la kwanza, la tatu na la nne, tena kwa mwendo wa pole. Hata bolero hiyo si ngeni kwako: ilitoka Kuba ikaingia Mexico, na santuri za Kikuba zikaileta kwetu pia, ikazama kwenye taarabu na kwenye dansi. Basi nusu yenye mivuto michache ndiyo inayokuumiza. Ingekuwa ni uchovu, maumivu yangeanza kwenye son.

Twende kwenye la kufanya. Ningekuwa wewe, kabla ya kuomba chochote ningefanya kipimo. Siku ya mazoezi ukumbini, mwombe mtu akae katikati ya viti akiwa na simu, arekodi wimbo mmoja wa nusu ya pili huku wewe ukivuta kwa wastani tu. Sikilizeni na mwalimu. Mara nyingi wanaokaa ukumbini wanaisikia guitarrón vizuri, ni wewe tu usiyeisikia, kwa kuwa umesimama palipo na kelele na chombo chako kinatoa sauti kuelekea mbele, mbali na masikio yako. Ikiwa ni hivyo, dawa ni spika ndogo ya kukurudishia sauti jukwaani, na kubadilisha mahali pa kusimama. Omba uwe bega kwa bega na mpiga vihuela, maana nyinyi wawili ni injini moja, na tarumbeta ziwe upande wa pili wa nusu duara, midomo yake isikuelekee.

Ikiwa kweli ukumbini husikiki, omba maikrofoni yako peke yako. Iwekwe kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye chombo, pembeni kidogo ya tundu ili isivume. Vipo pia vinasa sauti vidogo vya kubandika ndani ya chombo. Vinafaa ukiwa unatembea jukwaani, ila sauti yake huwa kavu. Kama kuna nafasi ya kuchagua, mimi huchagua maikrofoni. Usione haya kuomba. Nimeshasema muziki wa nusu ya pili ulizaliwa hivyo. Angalizo ni moja: nusu ya kwanza ikipigwa bila mitambo na ya pili ikafunguliwa ghafla kwa sauti kubwa, wasikilizaji wataona wameruka kutoka muziki mmoja hadi mwingine, na onyesho lenu linataka kuwaonyesha kuwa ni muziki mmoja. Fundi mzuri ataifungua nusu ya kwanza kidogo pia, isijulikane.

Kubadilisha nyuzi ni njia nyingine, na hapa siwezi kukuahidi raha tupu. Nyuzi nyepesi zinavutika kwa urahisi lakini zinatoa sauti ndogo. Kushusha nyuzi zikaribie shingo kunaupumzisha mkono wa kushoto lakini kunaleta mchakariko ukivuta. Fundi wa magitaa anayejua guitarrón, na kusini mwa Texas hutamkosa, anaweza kutafuta mahali pa katikati. Fanyeni hivyo mapema, si wiki ya onyesho.

Ama kuhusu kuomba utolewe kwenye nusu ya pili, njia hiyo ipo, na kama kifundo hakijapoa wiki mbili kabla ya onyesho ichukue bila kusita. Kuna pia njia ya kati: mtu mwingine apige guitarrón kwenye nyimbo mbili tatu nzito, wewe urudi kwenye fidla yako. Usiitazame hiyo kama kushindwa, maana katika mariachi ni heshima mtu kushika zaidi ya chombo kimoja. Nisingependa tu uikwepe nusu ya pili kwa kuamini kwamba ni ya bandia, kwa sababu ya maneno ya rafiki. Vyuo vya Marekani vimekuwa na mariachi tangu miaka ya 1960. UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, ilianzisha kundi lake mwaka 1961, katika taasisi iliyoongozwa na Mantle Hood, ambaye aliamini kwamba huwezi kuuelewa muziki wa watu mpaka uupige. Wanafunzi wake walikuwa wageni kwenye muziki huo kama wewe. Na upande wa kisasa haujasimama: mwaka 2010 Houston Grand Opera, hapo hapo Texas, ilizindua opera nzima ya mariachi iliyotungwa na Pepe Martínez, kiongozi wa Mariachi Vargas wakati huo. Kundi lililozaliwa kijijini na kinubi chake likaishia kwenye jukwaa la opera, na guitarrón ikiwa pale chini, inavutwa vile vile nyuzi mbili mbili.

Sasa nisikilize vizuri. Nenda kwa daktari au kwa mtaalamu wa fiziotherapia, usisubiri onyesho lipite, ikiwa baada ya siku chache za kupumzika maumivu yako pale pale. Ikiwa unapata ganzi au mchonyoto kwenye vidole, hasa usiku. Ikiwa kikombe kinakuponyoka au kufungua mfuniko wa chupa kunauma. Au ikiwa kifundo kimevimba, ni cha moto, au kinatoa mlio ukikikunja. Umesema tayari kinauma usiku, kwa hiyo mimi ningeweka miadi wiki hii hii. Vyuo vingi huko vina zahanati ya wanafunzi. Anza hapo, na ueleze wazi kwamba unapiga chombo cha nyuzi nzito, saa ngapi kwa wiki, na tangu lini ulianza kuvuta kwa nguvu. Nenda na video fupi ya mkono wako ukipiga, itamsaidia kuliko maelezo. Dawa za kutuliza maumivu usimeze ili uweze kufanya mazoezi. Hizo zitakuficha dalili unayoihitaji. Malengelenge usiyatumbue, yaache yakauke, na ukiona wekundu unaopanda mkononi au usaha, hilo nalo ni la zahanati.

Akikuruhusu kurudi, rudi kwa vipande vifupi, dakika kumi na tano kisha pumzika, na wimbo wa kwanza wa siku uwe bolero, si son. Ongeza kidogo kila baada ya siku kadhaa. Wiki sita zinatosha kwa mpango huo kama utauanza leo, hazitoshi kama utangoja hadi wiki ya nne.

Na masikio, kwa kuwa hakuna anayeyataja: kama tarumbeta ziko karibu nawe na unatoka mazoezini masikio yakilia, tumia vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuifanya nzito. Wapiga besi wengi hukataa wakidhani watazidi kutoisikia sauti yao. Kwa kawaida inakuwa kinyume, sauti ya chini inakufikia kupitia kifua na mbavu kwa kuwa chombo kimekugusa.

La mwisho ni nguo. Siku ya onyesho mtavaa suti ya charro (mpanda farasi wa Kimexico), koti fupi la kubana mabegani na mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma. Koti hilo litakuzuia kuutoa mkono nje kama nilivyokueleza, na kifungo kitakwangua mgongo wa guitarrón ya chuo. Liazime mapema upige nalo mazoezi angalau mara moja. Likibana kwapani, mpe fundi cherehani alilegeze, na kifungo ukigeuze kikae ubavuni.